Macho Yako Juu ya Glasi Zangu

Imali mjukuu wangu,

Kaa chini kwanza. Usisome hii ukiwa umesimama mlangoni kama mtu anayesoma tangazo la mazishi. Hakuna aliyekufa. Kukhu wako, nyanya yako, ni mzima, amekunywa chai yake, na yuko hapa nje na jirani yetu Mama Salim. Mama Salim ndiye anaandika, maana unajua mimi sikuingia mlango wa shule isipokuwa siku ile nilienda kumgombeza mwalimu wako. Lakini kila neno ni langu. Nikisema upuuzi, nimemwambia aandike upuuzi.

Wewe uko mjini unaonana na wenzako, nami nimepata nafasi ya kusema kitu ambacho mbele yako nitakimeza. Jana nilikuwa nyuma ya jiko nachambua mrenda nikakusikia ukiongea kwa simu na watu wa ile hoteli ya Naivasha iliyokupa kazi. Ulisema, "Naomba mniongezee mwezi mmoja, nina mgonjwa nyumbani." Ukasikiliza. Kisha ukasema polepole, "Nimeelewa. Kesho kutwa, ama mnapea mtu mwingine."

Mgonjwa ni nani, Imali? Ni mimi?

Tangu wakati huo mkoba wako uko kitandani umefungwa nusu, na wewe unanitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa motoni. Hujasema utaenda, hujasema hutaenda. Mimi nasema uende. Ila sitaki uende ukidhani nimekufukuza, wala sitaki upande gari bila kusikia asante yangu, na asante yangu si fupi.

Sitakuambia ule vizuri na ufunge mlango usiku. Hayo unayajua. Nitakuambia habari ya glasi, kwa sababu hizi ninazokodisha arusini ndizo zilitulea wewe na mimi, na huko Naivasha ni glasi za waini ndizo utakuwa unashika kila siku. Waini, ile padri anaita divai.

Mara ya kwanza nilipoona glasi ya mguu mrefu nilicheka. Nilikuwa nimeajiriwa kuosha vyombo kwenye hoteli hapa Kakamega, bado msichana, natoka shamba na matope kwenye kisigino. Nikasema, chombo gani hiki kinachosimama kwa mguu mmoja kama korongo? Nilikuwa karibu kukataa kazi yenyewe, kwa sababu mama yangu, yule uliyerithi jina lake, alikuwa nyumbani na mgongo uliokataa kunyooka. Nilimwambia nitabaki nimpikie. Akaniambia, "Mgongo huu ni wangu. Haukuzaliwa na wewe, usiuvae kama gauni." Nilinuna njia yote mpaka mjini. Sasa namshukuru kila nikiinama na mgongo wangu mwenyewe ukaniuma.

Aliyenifundisha ni mtu wa baa, Shiundu, mwanamume mwenye mdomo mchafu kuliko sinki lake. Hakufundisha, alipiga kelele. Siku ya kwanza nilishika kitako cha glasi kwa mkono huu, na tumbo lake kwa kitambaa mkono ule, nikazungusha nikikausha vile nilivyoona ni akili. Mguu ukakatika kama bua la mahindi. Shiundu akapiga yowe, "Wewe mama! Nani amekuambia uinyonge? Hiyo ni glasi, si ingokho, kuku wa Krismasi!"

Jikoni pote walicheka. Nilitaka kumtupia kitako kilichobaki. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuvunja glasi kwa njia ile, na wewe pia hujawahi, kwa sababu nilikufundisha ukiwa na miaka ya kutoka meno: unapokausha tumbo, shika tumbo lenyewe kwa kiganja, unapokausha kitako, shika kitako. Usiache mikono yako miwili ivutane, mmoja huku na mwingine kule, na kitu chembamba katikati. Hata nyumba za watu nimeona zikikatika hivyo hivyo, lakini hayo utayaona mwenyewe, mimi nazungumza vyombo.

Hoteli ilipopata mwenyewe mpya, akataka vyombo vipya, akasema vya zamani vitupwe. Nikamwambia, "Vitupwe kwangu." Alidhani natania. Jioni nilibeba glasi kwenye karai kichwani, zimefungwa kwa majani ya ndizi, nikitembea kama bibi arusi anayeogopa kufika.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu, chombo unachokipenda unakiweka wapi? Juu ya moto, kwenye dari la jikoni, mahali mama alipowekanga vibuyu na mbegu ya mahindi. Moshi unafukuza wadudu, unakomaza chombo, maziwa yakikaa ndani yananukia. Basi nami nikazipanga glasi zangu huko juu, nimezipindua mdomo chini zisiingie vumbi, na kabla ya hapo nikazisugua na jivu kama sufuria. Nilijiona fundi.

Arusi yangu ya kwanza kukodisha ilikuwa ya jirani, wakwe wametoka Mautuma. Wamekaa, wamepewa kuku, firigisi imefika kwa anayestahili, kila kitu kimekwenda sawa. Ikamiminwa waini. Mjomba wa bwana arusi, mzee mkubwa wa tumbo, akainua glasi, akanusa. Akanusa tena. Akageukia wenzake akauliza, "Hii zabibu yao waliikausha pamoja na nyama?"

Nikajibu kutoka mlangoni, kwa sababu mdomo wangu haujui kungoja, "Kwetu chombo kisicho na moshi ni cha mwanamke mvivu!"

Yule mzee akanitazama. Nilidhani nimeharibu ndoa ya mtoto wa watu. Halafu akacheka mpaka kiti kikalia, akasema, "Basi nipe ya pili, leo nimepata kinywaji na mchuzi kwa glasi moja." Akanywa yote, wakwe wakacheka naye, siku ikapita. Sijui jina lake mpaka leo, lakini nikisali huwa nampitia. Angeweza kuniaibisha, akachagua kucheka. Watu wa namna hiyo ni wachache, Imali. Ukikutana nao huko, usiwasahau kwa sababu tu hawakukudai chochote.

Glasi zile sikuweza kuziponya. Moshi ulitoka kwa maji ya moto na siki, lakini mikwaruzo ya jivu ilibaki. Nikajifunza kwamba heshima unayopea kibuyu inaua glasi. Kibuyu kinataka kukumbuka kila kilichowahi kuwa ndani yake. Glasi inataka kusahau. Kila chombo kina tabia yake, na ukipenda kitu bila kuuliza tabia yake, unakiumiza na mapenzi yako.

Babu yako ndiye aliyelielewa hilo haraka kuliko mimi. Unamkumbuka kidogo tu. Alikuwa na oluseke, mrija wake mrefu wa kunywea busaa, pombe yetu, na hakuna mtu aliyeugusa. Aliusafisha mwenyewe, akautia kwenye ala yake, akaupandisha juu darini. Wazee wakikaa kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake, chungu kimoja. Siku moja nikammiminia busaa kwenye glasi ya waini nione. Akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Sasa hii," akasema, "mtu anakunywa peke yake, pembeni, kama mchawi?"

"Si peke yako. Mnagonganisha."

"Kwa nini tugombane?"

Lakini ni yeye aliyenitengenezea mbao za kugawa katoni, kila glasi na chumba chake, kwa sababu alisema chombo cha mdomo wa mtu hakiguswi na chombo cha mdomo wa mtu mwingine. Mpaka leo glasi zangu zinasimama kwa kitako, mdomo juu, zimefunikwa kitambaa, hazigusani. Ni kazi ya mwanamume asiyewahi kuonja waini. Mungu ampumzishe.

Siku ukishika mshahara utataka kununua zako. Najua, kwa sababu wewe ni wa kwangu. Usidanganywe na zile za rangi. Glasi ya rangi ni kama mtu anayecheka kila neno, hujui ndani kuna nini. Zenye mstari wa dhahabu mdomoni nazo ni za kupigwa picha, dhahabu inatoka unabaki na madoa. Pitisha kidole mdomoni: ukisikia ukingo mnene kama wa kikombe cha chai, rudisha. Mdomo wa glasi uwe mwembamba hadi ulimi ukose cha kusema. Iweke mezani, isukume kidogo. Ikiyumba kama mlevi, mguu ni mrefu kupita kitako. Halafu ipige na ukucha. Nzima inaimba, iliyopasuka inakohoa. Na usinunue umbo hili la waini hii na lile la waini ile. Huko hotelini watakuwa nazo za kila aina, zioshe, ni kazi yako. Kwako aina moja inatosha, tumbo pana kidogo, mdomo umefunga kidogo. Nunua mbili. Moja ni ya mtu atakayekutembelea, hata kama bado hujamjua.

Na kitambaa, usinunue taulo jipya, linaacha manyoya. Nimekuwekea ile leso yangu ya zamani, iliyofuliwa mpaka maandishi yakafutika. Hiyo ndiyo inang'arisha.

Mama Salim anasema mkono umechoka. Nimempa ndizi. Sasa tumefika penyewe.

Unakumbuka ile leso huwa naianika msumarini baada ya kukausha glasi? Kuna asubuhi niliamka nikaigusa, ilikuwa imelowa. Nilikuwa nimeiacha kavu. Nikasema labda ni umande. Asubuhi nyingine tena, imelowa, na mvua hatujaona. Hiyo wiki mteja mmoja akarudisha vyombo akanisifu, "Kukhu, uzee haujakufika, glasi zako zinang'aa kama maji ya chemchemi." Nikamshukuru. Alipoondoka nikajiuliza, huyo alikuwa nani? Uso wake nilikuwa sijauona vizuri, na alikuwa amesimama karibu ya kunigusa.

Ndipo nikaelewa. Macho yangu yameingia ukungu, nami sikuona ukungu kwenye glasi kwa sababu nilizitazama kupitia ukungu wenyewe. Nilikuwa naosha, napanga, nalala. Na wewe unaamka kabla ya jogoo, unazitoa moja moja, unaziosha upya, unazipanga vile vile nilivyozipanga, mpaka upande wa kitako unakumbuka. Hukusema neno. Hukunambia, "Kukhu, acha, hauoni." Hukuwaambia majirani. Ulinipa kila siku kuamka nikiwa bado fundi.

Na mimi nilijua, Imali. Nilijua na nikanyamaza. Nilikuwa nalala nikisikia maji yanamiminika polepole ili nisisikie, na glasi inagusa glasi, na wewe unashusha pumzi. Sikunyamaza kwa aibu. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa tamu. Nani katika maisha yangu aliwahi kuamka mapema kwa ajili ya heshima yangu? Nilibeba heshima za watu kwenye karai miaka yote, za wakwe, za maarusi, za wenye hoteli. Yangu ilikuwa mikononi mwa msichana aliyevaa sweta yangu, jikoni, gizani. Asante. Nasema tena, Mama Salim aandike tena: asante.

Kuna kingine, na hiki nimemwambia Mama Salim aandike bila kunitazama.

Tuna katoni mbili, unajua. Moja ya waini. Nyingine ina utepe wa kijani, haijawahi kuguswa na kileo, ni ya arusi za Waislamu, wanatilia juisi ya matunda wapendeze kama watu. Mama Salim mwenyewe ndiye aliyeniletea wateja hao, kwao Matungu na mpaka Ekero, kwa kuwaambia juu yangu, "Mama Ayuma akisema ni safi, ni safi." Neno lake lilikuwa dhamana yangu. Basi mwezi uliopita, arusi ya binti wa kaka yake huko Ekero, nilitoa katoni nikaweka mlangoni. Ulipita, ukainama kama unayefunga kiatu. Gari lilipokuja ulibeba wewe. Baadaye nilipapasa chumbani nikapata katoni iliyobaki haipo mahali nilipoiacha, nikanusa. Ilikuwa ya waini. Kumbe niliyokuwa nimeweka mlangoni ndiyo hiyo, na kwamba haina utepe wa kijani sikuona kwa sababu siku hizi kijani na kijivu kwangu ni ndugu.

Mama Salim ameweka kalamu chini.

Nimesikia akizungusha pete kidoleni. Nimemwambia, "Sema, hata ukitaka kunitukana tukana."

Ameuliza, "Zilizofika kwa kaka yangu zilikuwa zipi?"

"Zenu. Zenye utepe. Imali alibadilisha."

"Una hakika, Mama Ayuma?"

"Pua yangu haina mtoto wa jicho."

Kisha amesema, na ameniruhusu niyaweke, "Basi huyo mtoto hakukusitiri wewe tu. Amenisitiri mimi mbele ya ukoo wangu, na mimi nilikuwa nakula pilau, sijui. Mwenyezi Mungu amsitiri yeye popote anapokwenda." Halafu amenipiga kofi la bega, kofi la kweli, linauma bado, akasema, "Na wewe ungeniambia siku ile ile! Mimi ni jirani au ni mteja?" Sasa ameokota kalamu. Maandishi yakitetemeka ni hasira yake, siyo machozi, yeye ndiye anasema hivyo.

Ndio maana unaogopa kwenda. Najua. Unajiuliza, nikiondoka, nani atainama mlangoni? Si chakula changu kinachokuzuia, wala kuni. Unaogopa siku moja mbele ya watu wataona kile wewe umekuwa ukikiona peke yako. Na kama mambo ni haya, basi kazi hiyo ya Naivasha naila mimi, kidogo kidogo, kila asubuhi, pamoja na chai.

Sikiliza tulivyofanya leo, kabla hujasema nakudanganya ili uende. Katoni ya utepe haiko kwangu tena, iko kwa Mama Salim, chini ya kitanda chake. Anayeitaka ataichukua huko. Katoni ya waini nimeifunga kamba ya katani yenye fundo, naijua kwa kidole hata nikiamshwa usingizini. Na Jumanne, yeye na mimi tunaenda hospitali kwa habari ya macho. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwaka mzima umeniomba, bila kutaja glasi, nami nikasema hakuna mtu atakayenichokora jicho nikiwa bado nalihitaji. Nilikuwa mwoga. Ilikuwa rahisi kuwa mwoga nikiwa na macho yako. Mama Salim anasema nikikataa mlangoni atanibeba mgongoni, na unajua ukubwa wake.

Macho yakipona, vizuri. Yasipopona, nitauza glasi nikae nijipigie hadithi. Nimeshazifaidi. Nimelea mtoto nazo, nimemsomesha, na mtoto akazipenda kuliko nilivyozipenda mimi. Huko uendako watu watainua glasi zao kwenye taa wasione chochote, hakuna doa, hakuna unyoya, hakuna alama ya kidole, na hawatauliza nani ameziosha. Usihuzunike. Ndivyo inavyoonekana kazi hii ikifanywa vizuri. Lakini mimi nitajua, na nitakuwa nakusikia.

Nimekushukuru kiasi gani hapa? Bado haijatosha, lakini Mama Salim ana swala.

Atanisomea barua yote kwanza, nione kama hajanipunguzia ukali. Kisha nitaiweka juu ya katoni ya arusi ya Jumamosi, maana najua ukirudi utapita hapo kabla hata ya kuvua viatu. Glasi hizo nimeziosha mwenyewe leo asubuhi. Pengine kuna moja yenye ukungu. Pengine ni zaidi. Mama Salim atazitazama Ijumaa, na zikimpita yeye pia, basi wageni wataona, watasema, na mimi nitasikia kwa masikio yangu kwamba nimezeeka. Sitakufa kwa hilo.

Iache katoni na kamba yake, mama yangu. Pita, uende ukamalize kufunga mkoba.

Kukhu wako